Zeze la Umeme Latafuta Sauti Yake

Mwezi wa Septemba, baada ya kuuza alizeti yake, kijana mmoja mpiga zeze kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino alinijia ofisini, zeze mgongoni na fedha zake mfukoni. Baada ya "mbukwenyi" na habari za nyumbani na za mifugo, aliketi akanieleza shida yake. "Mwalimu," alisema, "nimeambiwa kwamba wewe unafundisha habari za sauti. Zeze langu nimekwisha kulitia umeme, lakini kila mashine ninayoliunganisha nayo inalitukana."

Shida yenyewe haikuwa ndogo. Kijana huyu alikuwa katika kikundi chenye ngoma tatu, waimbaji kumi na kinanda cha umeme. Katika sherehe mbili zilizotangulia, zeze lilionekana likipigwa wala halikusikika. Kiongozi wa kikundi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ikiwa hali ni hiyo hiyo katika sherehe ya tatu, sehemu ya zeze itapigwa na kinanda. Ndipo kijana alipoona katika duka moja mjini kikuzasauti kikubwa cha gitaa, cha wati 100, akapiga hesabu kwamba fedha za alizeti pamoja na mbuzi wawili zingetosha. Alikuja kwangu si kuuliza anunue nini, bali kutaka nimthibitishie kwamba amechagua vema. Nilimwomba asiwauze mbuzi kwanza.

Makala haya yanaeleza tuliyoyafanya kwa muda wa wiki kadhaa, na sababu zake za kisayansi.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tukubaliane juu ya maneno. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "kipaza sauti" limebebeshwa mizigo mitatu kwa mara moja: kile anachoshika mwimbaji karibu na kinywa, ile mashine ya katikati yenye vitufe, na lile sanduku linalotoa mlio. Kwa mwimbaji hakuna hasara. Kwa mtu anayetafuta kosa liko wapi, ni sawa na kuita kisima, ndoo na mtungi kwa jina moja. Hapa, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme nitakiita kinasa mtetemo. Kinachoukuza umeme huo nitakiita kikuzasauti, ambacho wanamuziki wetu hukiita amplifaya. Na kinachougeuza umeme kuwa sauti tena ni spika.

Sasa zeze lenyewe. Zeze la Wagogo ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa uta. Mti mrefu hupenya katika kibuyu au bakuli la mti lililowambwa ngozi, na nyuzi hupita juu ya daraja dogo linalosimama juu ya ngozi hiyo. Yapo mazeze ya nyuzi mbili, na yapo makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi, kama yale aliyoyafanya yajulikane duniani marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo katika Chuo cha Sanaa na kufariki mwaka 2003. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi nyingi ni waya wa chuma. Uta hufungwa nyuzi za mkonge na kupakwa utomvu wa mti ili ushike.

Kushika huko ndiko siri ya sauti yake. Uta hausugui uzi kwa ulaini kama mtu anavyodhani. Huunasa uzi, huuvuta kidogo, uzi huponyoka na kurudi, kisha hunaswa tena, na jambo hili hutukia mamia ya mara katika sekunde moja. Mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hili katika karne ya 19 kwa fidla ya Ulaya, na kanuni ni hiyo hiyo kwa zeze. Mwendo wa namna hii, wa kuvuta polepole na kuponyoka ghafula, hautoi sauti moja. Hutoa sauti ya msingi pamoja na mlolongo mrefu wa sauti za juu yake, ambazo kila moja ni zidisho kamili la ile ya msingi: mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Juu ya hizo zote kuna ule mkwaruzo wa mkonge. Kwa hiyo mwili wa sauti ya zeze uko chini, na pumzi yake iko juu sana. Mashine inayotupa kimojawapo hutoa kitu kingine ambacho si zeze.

Kijana alikuwa amebandika juu ya ngozi ya zeze kisahani cha shaba chenye seramiki nyeupe juu yake, kiasi cha milimita 27 upana wake, alichokitoa katika king'ora kibovu cha gari. Huu ulikuwa ubunifu mzuri. Kisahani cha namna hii kikipindwa hata kidogo, seramiki hutoa umeme. Na kinyume chake, kikipewa umeme hujipinda, na ndiyo sababu hulia katika ving'ora. Waliogundua tabia hii katika fuwele ni ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kutoka katika kisahani alikuwa amevuta waya mpaka katika sabufa ya nyumbani, yaani redio ile yenye sanduku kubwa la mlio mzito ambalo vijana hulipenda kwa kuwa hutikisa madirisha.

Aliiwasha mbele yangu, akapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbu ndani ya kopo. Mashine inayotikisa madirisha kwa muziki wa kaseti na wa simu ilishindwa kabisa kutoa sauti nzito ya zeze! Kijana alifungua kitufe cha sauti nzito mpaka mwisho, lakini mbu alibaki mbu. Alikuwa amekata shauri kwamba kisahani ni kibovu.

Kisahani kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa mlangoni, pale kisahani kilipokutana na sabufa, nami naomba msomaji anivumilie nikieleza jambo hili kwa urefu, maana ndilo linalowapotezea watu fedha zao kuliko mengine yote.

Kisahani cha seramiki hutoa umeme mchache sana, nao hauendelei kutiririka kama wa betri. Kila kinapopindwa, chaji kidogo hukusanyika juu yake, kama maji kidogo katika kibuyu. Mashine inayosoma umeme huo hufanya hivyo kwa kuruhusu kiasi fulani kipite ndani yake. Na kila mashine ina ukinzani wake wa mlangoni, unaopimwa kwa omu. Ukinzani mdogo ni tundu kubwa chini ya kibuyu. Ukinzani mkubwa ni tundu dogo. Tundu likiwa kubwa, maji huisha kabla mtu hajapata wasaa wa kutazama yalifika wapi.

Tupime kwa tarakimu. Kisahani cha ukubwa huu huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa kiasi cha nanofaradi 20. Mlango wa sabufa, ambao umetengenezwa kwa ajili ya simu na redio, aghalabu huwa na ukinzani wa kilo-omu 10 hivi. Ukizidisha viwili hivyo unapata muda wa sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Huo ndio muda unaotosha chaji iliyo nyingi kuvuja. Lakini uzi unaotetemeka mara 200 kwa sekunde huhitaji sehemu tano za elfu moja za sekunde ili kumaliza mtetemo mmoja, yaani muda ulio mara 25 zaidi. Chaji yake imekwisha kumwagika kabla mtetemo haujafika nusu. Mitetemo ya haraka, ya mara 3,000 au 5,000 kwa sekunde, huwahi. Mizito huchelewa na kupotea. Kwa hesabu kamili, mpaka wenyewe uko karibu na mitetemo 800 kwa sekunde, na chini ya hapo sauti hupungua kadiri inavyozidi kuwa nzito. Ile ya mitetemo 200 hubakiwa na robo tu ya nguvu yake. Mlango wa maikrofoni wa mashine ya matangazo ni mbaya zaidi: ukinzani wake wa omu 2,000 hivi huupandisha mpaka huo hadi mitetemo 4,000. Hakuna kitufe cha sauti nzito kinachoweza kurudisha kisichoingia ndani.

Mlango wa kikuzasauti cha gitaa, kwa upande mwingine, huwa na ukinzani wa megaomu 1, yaani mara mia ya ule wa sabufa. Mpaka hushuka hadi mitetemo 8 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliisikii kabisa. Tuliazima kikuzasauti cha gitaa kwa jirani, tukaunganisha kisahani kile kile kwa waya ule ule, na papo hapo mwili wa zeze ukarudi. Kijana alicheka, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilikwambia, Mwalimu? Ninunue hicho."

Nilimwomba apige tena, mara hii nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa ukumbi nisimwone. Nilichokisikia hakikuwa zeze. Kilikuwa gitaa linalopigwa na mtu asiyejua gitaa. Nilipomwita naye asimame mlangoni, mwenzake akipiga, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba uta hausikiki.

Hapa kuna jambo la historia. Gitaa la umeme na kikuzasauti chake vilikua pamoja kama pacha. Tangu George Beauchamp alipobuni katika mwaka 1931 gitaa lililopewa jina la utani la "kikaango" kwa umbo lake, mafundi wa Marekani wamekuwa wakiligeuza gitaa lifuate kikuzasauti, na kikuzasauti kifuate gitaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi kitu cha maana juu ya mitetemo 5,000 kwa sekunde, na hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu sauti za juu za gitaa lenye kinasa cha sumaku hukwaruza masikio. Vilevile huongeza sana sauti za katikati, na sakiti za ndani zimepangwa kurekebisha upungufu wa kinasa cha gitaa. Upungufu huo zeze halina. Kumpa mpiga zeze mashine hiyo ni sawa na kumpa mtu mwenye macho mazima miwani ya mwenzake. Hakuna kiwanda ninachokijua kilichotengeneza kikuzasauti kwa ajili ya zeze. Kwa hiyo mwenye zeze ni lazima akiunganishe mwenyewe kutokana na vipande vilivyotengenezwa kwa kazi nyingine, na afahamu kila kipande anakitaka kwa nini.

Wengine watauliza kwa nini hatukuacha kisahani tukatumia kinasa cha sumaku kama cha gitaa, madhali nyuzi ni za chuma. Kinasa cha sumaku ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko elfu kadhaa; uzi wa chuma ukitetemeka karibu nayo huivuruga sumaku na kuzaa umeme katika waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Inafanya kazi. Huko Kinshasa, marehemu Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono Nº1 walitengeneza vinasa vyao kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, wakavitia katika likembe, ambayo ni ndugu wa ilimba ya Wagogo. Ulimwengu ukawafahamu kwa santuri yao "Congotronics" ya mwaka 2004. Vijiti vya chuma vya likembe hutetemeka mahali pamoja, juu ya sumaku. Nyuzi za zeze nazo husukumwa na uta huku na huku, lakini si hilo lililotuzuia. Sumaku husikia waya tu, haisikii kibuyu. Ngozi, mti na kibuyu, ambavyo mtengenezaji wa zeze alihangaika navyo kwa siku nyingi, vyote huachwa nje ya mlango. Kijana hakutaka, na nilikubaliana naye.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kutenganisha mambo mawili ambayo kikuzasauti cha gitaa huyauza pamoja: mlango mzuri na spika mbaya. Tulitengeneza kikuzasauti kidogo cha awali, chenye transista moja ya aina ya FET, rezista chache na kapasita mbili, ndani ya kopo la bati. Kazi yake si kuongeza nguvu bali kuwa tundu dogo chini ya kibuyu: mlangoni ina ukinzani wa megaomu kadhaa, na upande wa kutokea ina ukinzani mdogo unaokubalika na mashine yoyote. Hutumia umeme kidogo sana, kiasi cha miliampea moja, hivi kwamba betri ndogo ya volti 9 hudumu kwa mamia ya saa. Kopo la bati si la urembo. Likiunganishwa na waya wa ardhi huzuia ule mvumo wa mitetemo 50 kwa sekunde unaotoka katika nyaya za umeme za nyumba, ambao kisahani huudaka kwa urahisi mno. Gharama ya vyote, vilivyonunuliwa kwa fundi redio wa mjini, haikufikia bei ya jogoo mmoja.

Baada ya kopo hilo, hata sabufa iliyodharauliwa ilianza kutoa zeze. Lakini sabufa si mashine ya uwanjani. Tuliijaribu pia ile spika ya honi inayofungwa juu ya magari ya matangazo. Hufika mbali ajabu kwa nguvu kidogo, ila haitoi kitu chini ya mitetemo 400 hivi, na zeze likawa kama linalia kwa simu. Mwishoni tulichagua spika ya kawaida ya mikutano, yenye kikuzasauti ndani yake, koni ya inchi 12 na honi ndogo ya sauti za juu, aina ambayo haijifanyi kuwa na ladha yake. Hupokea na kutoa. Vikuzasauti vya kinanda vina tabia hiyo hiyo na vingefaa vilevile.

Kuhusu wati, kijana alihuzunika niliposema kwamba spika yetu ni ya wati chache kuliko ile ya dukani. Watu wengi hudhani wati 100 husikika mara mbili ya wati 50. Sivyo. Sikio halihesabu hivyo. Tofauti baina yao ni desibeli 3, ambazo msikilizaji huzitambua kwa shida, na ili sauti ionekane kuwa maradufu yahitajika nguvu mara kumi. Lililo muhimu zaidi ni unyeti wa spika. Spika inayotoa desibeli 98 kwa wati moja, ikipimwa kwa umbali wa mita moja, hufanya kwa wati 10 kazi ambayo spika ya desibeli 88 huifanya kwa wati 100. Tarakimu hii huandikwa nyuma ya spika kwa herufi ndogo, na muuzaji haitaji. Katika vijiji vyetu ambako umeme wa gridi haujafika uwanjani, jambo hili ni kubwa. Kikuzasauti kinachotumia betri ya gari ya volti 12 moja kwa moja hakiwezi kutoa zaidi ya wati 4 na nusu kwa spika ya omu 4. Kikipangwa kwa mtindo wa pande mbili zinazosukumana hufikia wati 18. Namba kubwa zaidi zilizoandikwa juu ya redio za magari ni matangazo ya biashara, isipokuwa kama ndani yake kuna kifaa cha kupandisha volti. Lakini wati 18 zikitiwa katika spika yenye unyeti wa desibeli 97 hutoa desibeli kama 109 kwa mita moja, na kwa kuwa katika uwanja wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, mtu aliye mita 16 atapata desibeli 85. Hizo zatosha kusikika juu ya ngoma na vigelegele.

Majaribio haya tuliyafanya nje. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza tulipima fidla katika chumba kilichojengwa kwa gharama kubwa ili kisiwe na mwangwi. Dodoma sina chumba hicho. Ninao uwanda, usio na ukuta wala mlima kwa mamia ya mita, na asubuhi kabla ya upepo kuamka hauzidiwi sana na kile cha Uingereza.

Ni katika uwanda huo tulipokutana na adui wa mwisho: yowe. Kijana alipofungua sauti kufikia kiwango cha sherehe, spika ilitoa mlio mmoja mkali usiokoma, hata kabla uta haujagusa uzi. Jambo hili hupewa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmaki. Sauti ya spika husafiri hewani, huipiga ngozi ya zeze, ngozi hutetemesha kisahani, kisahani hupeleka umeme kwenye kikuzasauti, nacho huurudisha kwa spika ukiwa mkubwa zaidi; mzunguko huo hujilisha wenyewe. Hutokea kwanza katika ule mtetemo ambao ngozi na kibuyu huupenda kuliko mingine. Gitaa la mti mzito usio na tundu halina tatizo hili sana. Zeze ni ngoma iliyotiwa nyuzi. Limeumbwa lidake hewa.

Tulifanya mambo matatu, na moja tukajuta. Kwanza tuliihamisha spika kutoka nyuma ya mpigaji kuipeleka mbele yake, ikiwatazama watu, hatua nne mbele. Hilo peke yake lilimaliza nusu ya shida. Pili tulikitoa kisahani juu ya ngozi tukakifunga juu ya mti, karibu na pale unapoingia katika kibuyu. Mti husikia nyuzi vizuri na husikia hewa kidogo. Sauti ilipoteza sehemu ya unene wake, lakini tuliweza kuikuza mara kadhaa zaidi kabla ya yowe. Tatu tulijaza kitambaa ndani ya kibuyu, kama wafanyavyo baadhi ya wapiga gitaa. Yowe lilikufa, na zeze likafa pamoja nalo. Kijana alikitoa kitambaa bila kuniuliza.

Kwa mabaki ya yowe tulitumia kitufe cha mashine kinachopunguza sehemu moja nyembamba ya sauti. Unatafuta mtetemo ule unaolia, unaupunguza peke yake, na mingine unaiacha. Simu ya mkononi yenye programu ya kuchambua sauti huonyesha ni upi.

Nilitaka pia kujua kama ule uchafuzi mdogo unaotokea kikuzasauti kinapolemewa ungeliharibu zeze kama unavyoharibu kinanda. Nilistaajabu kuona kwamba hauliharibu kwa kiasi hicho, na sababu yake inafurahisha. Wataalamu wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba sauti za muziki wa Wagogo hufuata ule mlolongo wa mazidisho ya asili niliouta hapo juu, kuanzia la nne hadi la tisa au la kumi. Kikuzasauti kilicholemewa, kikipokea sauti mbili, huzaa nyingine ambazo ni jumla na tofauti zao. Chukua zidisho la sita na la saba, mathalani mitetemo 300 na 350. Tofauti yake ni 50. Mara mbili ya 300 ukitoa 350 ni 250. Mara mbili ya 350 ukitoa 300 ni 400. Jumla ni 650. Zote ni mazidisho ya 50. Vizaliwa vyote ni wa ukoo ule ule. Kwenye kinanda cha umeme, ambacho sauti zake zimegawanywa kwa hatua zilizo sawa, sauti iliyo karibu na 350 ni kiasi cha 357. Vizaliwa vyake ni 57, 243 na 414, ambavyo havina ukoo na mtu yeyote, na sikio huviona kuwa uchafu. Labda ndiyo sababu mvumo wa likembe za Kinshasa unapendeza hata mashine zinapolemewa. Wagogo wenyewe huziba matundu ya ilimba kwa utando wa mayai ya buibui ili ivume. Masikio yao hayakuhitaji kufundishwa na umeme kwamba mvumo ni sehemu ya muziki.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, ambao nilimweleza kiongozi wa kikundi alipokuja kututazama. Ile sauti ya zidisho la saba, ambayo waimbaji wake wanaiimba tangu utotoni, haimo katika kinanda. Iliyo karibu nayo iko juu kwa takriban theluthi ya nusu-hatua. Kinanda kikishika nafasi ya zeze, ama waimbaji wataimba nje yake, ama baada ya miaka michache watajifunza kuimba kama kinanda. Alisikiliza, akaomba apigiwe zote mbili, moja baada ya nyingine. Hakusema neno, ila alimwambia kijana aketi mbele siku ya sherehe.

Si kwamba zeze lazima likwepe vyombo vya kigeni. Mwaka 2002 Hukwe Zawose alitoa santuri "Assembly" pamoja na Michael Brook wa Kanada, ambamo zeze na ilimba husikika pamoja na gitaa la umeme na mashine za studio. Mwaka huo huo yeye na mpwa wake Charles Zawose walipiga mbele ya kumbi kubwa za Amerika ya Kaskazini katika ziara ya Peter Gabriel. Mwanawe, Msafiri Zawose, ameendelea na njia hiyo katika "Uhamiaji" ya mwaka 2017. Katika kazi hizo mgeni huyo amekaa kando ya zeze, hakukalia kiti chake.

Sherehe ilifanyika Oktoba, usiku, kwa betri ya gari. Zeze lilisikika mpaka kwenye mibuyu ya mwisho wa uwanja. Mbuzi wawili wangali hai.

Mwezi Januari, mvua zilipokwisha kushika, kijana alinipigia simu: yowe limerudi, na si pale tulipolikata. Nilipaswa kulitazamia. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kulegea, na mtetemo inaoupenda hushuka. Kichujio tulichokipanga katika ukavu wa Septemba kilikuwa kikipunguza mahali ambapo hapakuwa tena na adui. Nilimwelekeza kwa simu namna ya kukisogeza chini polepole mpaka yowe likanyamaza. Sasa pembeni mwa kitufe kile kuna mikwaruzo miwili ya msumari, mmoja wa kiangazi na mmoja wa masika, na anaponunua betri mpya hukumbuka kwanza kuikagua ngozi kwa kidole.